Nyota ya Katikati

Kwa zaidi ya miaka ishirini Mulinge hakuwa ameangalia mbingu baada ya jua kutua, na hakuna mtu aliyelijua hilo. Dereva wa trela hana sababu ya kutazama juu. Kazi yake iko mbele, kwenye lami, na nyuma, kwenye vioo. Akishuka kujisaidia kando ya barabara anaangalia chini asije akakanyaga nyoka. Hata mkewe Kalekye hakuwahi kujiuliza kwa nini mume wake huvuka uwanja jioni ameinamisha kichwa kama mtu anayenyeshewa. Alidhani ni uchovu.

Haukuwa uchovu. Ilikuwa hofu, na hofu hiyo ilikuwa na mahali pake angani.

Baba yake, Mzee Kilonzo, alikuwa mrina asali huko kusini mwa Kitui, ambako mizinga ya magogo huning'inia kwenye migunga na ardhi ni nyekundu na kavu kama kigae. Asali hurinwa giza likishaingia, nyuki wakishatulia. Mtu anayepanda mti gizani, moshi mkononi na mkoba begani, ameyaweka maisha yake yote kwenye macho. Kwa sababu hiyo nyumba ya Kilonzo ilikuwa na desturi yake, waliyoachiwa na babu. Kabla ya kupanda, kila mmoja alisimama chini ya mti akaitafuta ile nyota nyekundu ya mwezi wa saba, kisha, karibu nayo, nyota tatu zilizopangana kama vifungo vya shati. Ukiziona zote tatu, na zikikaribiana kwa ukubwa, macho yako ni mazima, panda. Zikikataa kulingana, tua mkoba uketi, mwingine apande. Sharti lilikuwa moja nalo lilishikwa kama kiapo: usimwulize mwenzako anaona nini. Ukimwuliza, walisema, utapanda na macho yake, na macho ya mtu mwingine hayatakushika tawi likivunjika.

Ni sharti la busara ukilifikiria. Bila shaka liliwaokoa wengi. Na ndilo lililomwangamiza mzee.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili, mwaka wa ukame, Mulinge akiwa kijana aliyetoka shule juzi tu. Maua yalikuwa machache na asali ilikuwa ya kubahatisha. Walifika chini ya mgunga wao mkubwa, baba akainua uso kama kawaida. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida. Mulinge alikuwa bado anapuliza makaa, hajatazama juu. Aliposikia kimya kimezidi alimgeukia baba yake, akamwona anautua mkoba polepole, kama mtu anayemweka mtoto aliyelala.

"Ya katikati imevimba," mzee alisema.

Alifunga makaa kwenye majani, wakarudi nyumbani na vibuyu vitupu. Mulinge hakuthubutu kuangalia juu njia nzima. Aliogopa kuona zimelingana, ajue kwamba baba yake anapofuka. Na aliogopa zaidi kuona hazikulingana, ajue kwamba naye ni hivyo hivyo.

Mzee Kilonzo hakupanda mti tena. Na hakwenda hospitali. "Nyota imeshasema," alimwambia mama, "daktari ataongeza nini?" Aliketi akingoja, na kwa kuwa alingoja miaka mingi, kilichongojewa kikaja. Kilianzia pembeni. Alianza kugonga miimo ya milango, akawa anamwaga chai kando ya kikombe, mwisho akawa anawatambua wajukuu kwa sauti. Muuguzi mmoja aliwahi kuja kanisani kuwapima watu macho bure, na mzee alijifungia chumbani mpaka gari lake likaondoka. Watu walisikitika, wakaomba, wakasema amri ya Mungu. Hakuna aliyevunja mlango akamtoa. Hivi ndivyo tunavyowapoteza watu wetu, tumesimama nje tukizungumza kwa upole.

Mulinge aliiacha asali akaenda kujifunza kuendesha magari. Akapanda ngazi kutoka pikapu hadi lori, kutoka lori hadi trela, akawa anabeba simiti kutoka Mombasa kwenda bara. Alimwoa Kalekye, akajenga nyumba ya mawe karibu na ya baba yake, akamsomesha binti yake Nthenya mpaka chuo cha ualimu huko pwani. Watu walimjua kama dereva makini asiyelewa na asiyekimbizana na mabasi. Nyota tatu hakuziangalia. Alijiambia kwamba asichokiona hakiwezi kumfikia.

Kikamfikia jioni moja ya mwezi wa sita, karibu na Mtito Andei.

Jua lilikuwa limeshazama lakini njia ilikuwa bado inaonekana, rangi ya majivu. Mulinge alikuwa amepunguza mwendo, akijiandaa kuingia mjini, mara mtu akatokea upande wa kushoto akisukuma baiskeli yenye magunia ya makaa. Hakutoka kichakani. Hakuvuka ghafla. Hakuwapo, kisha akawapo, kama amechorwa hapo hapo. Mulinge alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Trela lilipiga kelele, likayumba, likapita na upepo wake ukaiangusha baiskeli na makaa yote. Kwenye kioo alimwona yule mtu ameketi kwenye changarawe, mzima, akitukana kwa mikono.

"Nilikuwa na usingizi," Mulinge alijiambia. Alijua hakuwa na usingizi.

Alipaki nyuma ya hoteli ya Halima, mahali alipokula kila safari. Halima alikuwa mjane wa makamo, wazazi wake walitoka pwani wakahamia Mtito zamani, na hakuwa na dereva asiye na utani naye.

"Leo umekuja mweupe kama unga," alimwambia akimwekea muthokoi wa mahindi na maharage. "Umekutana na simba au askari wa mizani?"

"Niletee chai."

"Ya mgonjwa au ya mzima?"

Kabla hajajibu, stima zikapotea mji mzima. Kituo cha mafuta, lojingi, vibanda vya nyama, vyote vikazimika mara moja, na watu wakatoa ule mguno wa pamoja wa kuchoka. Mulinge, aliyekuwa ameketi uani, aliinua kichwa jinsi kila mtu anavyoinua giza likimwangukia.

Zilikuwa pale pale. Ile nyekundu. Vifungo vitatu vya shati. Na cha katikati kilikuwa kimevimba, kinang'aa kuwazidi wenzake bila aibu.

Kijiko kilimtoka mkononi.

Tangu jioni hiyo hakuweza tena kutoangalia. Kila safari alitafuta mahali penye giza, akasimama kando ya gurudumu, akainua uso. Safari nyingine ya katikati ilionekana kubwa, nyingine ikawa imepungua kidogo, naye akafurahi kama mtoto, halafu baada ya majuma machache ilikuwa imevimba tena. Hilo la kupanda na kushuka lilimtisha kuliko yote. Ugonjwa unaokuja na kuondoka, alifikiri, ni ugonjwa unaokuchezea. Alianza kuota yule mtu wa makaa. Katika ndoto baiskeli haikuanguka, na mtu hakuketi kwenye changarawe.

Na aliendelea kuendesha. Hili lazima lisemwe wazi, kwa sababu alikuwa mtu mwema. Mtu mwema huyo aliamini kwa moyo wake wote kwamba anapofuka, na kila jioni aliketi nyuma ya usukani wa mzigo unaoweza kufuta shule nzima ya watoto barabarani, akafunga mdomo. Kalekye alipomwuliza kwa nini halali, alisema ni mgongo. Kliniki ya macho ya Kitui aliipita mara nyingi, na kila mara miguu yake iliongeza mwendo yenyewe. Kwenye nyumba yao ugonjwa hautajwi. Ukiutaja umeuita.

Mwezi wa nane chuo kikafungwa, na Nthenya akapiga simu.

"Baba, unapita Mombasa lini? Nikuje na wewe. Nimechoka na basi."

Alitafuta uongo, asiupate. Akamchukua.

Mchana wote binti alizungumza, miguu juu ya dashibodi, akimwiga mwalimu wao wa fizikia anayepiga chafya kabla ya kila swali gumu. Mulinge alicheka palipostahili. Lakini jua lilivyoanza kuinama alipunguza mwendo. Upande wa kushoto ndiko alikoketi Nthenya. Upande wa kushoto ndiko alikotokea mtu wa makaa. Walipofika Mtito alikata kona akapaki kwa Halima, akazima injini, akabaki ameshika usukani.

"Tutalala hapa."

"Baba, ni saa moja tu. Si kawaida yako kulala hapa."

"Nimesema tutalala."

Halima aliwapokea mlangoni. "Huyu ndiye Nthenya? Karibu, mwanangu. Mwache mzee wako apumzike. Zamani alipita hapa kama upepo, hata chai hamalizi. Siku hizi anasimama huko nyuma anahesabu nyota. Mimi nilidhani anaomba."

Nthenya alimtazama baba yake. Aliona midomo yake inatetemeka, na hakuwa amewahi kuiona ikitetemeka, hata kwenye mazishi ya nyanya yake.

Mulinge alimshika mkono akampeleka nyuma ya trela, mahali taa za kituo cha mafuta hazifiki. Akamwambia yote: mgunga, vifungo vya shati, mkoba uliotuliwa, mtu wa makaa. Kisha akalivunja sharti ambalo baba yake hakulivunja, wala babu yake. Alifumba macho kwanza.

"Angalia juu. Hapo kando ya ile nyekundu. Tatu kwa mstari. Ipi kubwa?"

Binti aliinua uso.

"Ya katikati," Nthenya alisema.

Mulinge alishika gurudumu. Hakupata nafuu hata chembe. Wazo la kwanza lililomjia ni kwamba damu imeshamfikia mtoto. Ameanza yeye akiwa bado na umri wa kusuka nywele, na atapofuka kabla hajaolewa. Akaushika uso wa Nthenya kwa mikono miwili, akimkagua macho gizani kana kwamba angeona kitu.

"Baba, unaniumiza. Kwani nini?"

"Tangu lini unaiona hivyo?"

"Tangu saa hii. Sijawahi kuiangalia." Akamtoka mikononi, akaita, "Mama Halima, kuja kidogo."

Halima alikuja akifuta mikono kwenye leso. Nthenya alimwonyesha, akamwuliza swali lile lile.

"Ya katikati," Halima alisema. "Mtu yeyote anaona. Kwani mmekosa kazi? Mwezi wa Ramadhani mnautafuta, na mfungo uko mbali?"

Halima hakuwa wa nyumba ya Kilonzo. Hakuwa na tone la damu yao. Mulinge aliketi juu ya tairi la akiba na kumtazama huyu mwanamke kama mtu aliyetoka ardhini.

Nthenya alikuwa ameshatoa simu. Alisoma, akarudi nyuma, akasoma tena, huku mwanga ukimwangaza kidevu. Halafu alieleza polepole, kama anavyofundishwa kuwaeleza wanafunzi. Kwamba hiyo si nyota ya kawaida. Ni ya bluu, moto wake unalizidi jua mara kadhaa, na inajizungusha kwa kasi kiasi kwamba karibu ijirarue. Inamwaga gesi yake yenyewe, gesi hiyo inaizunguka kiunoni kama sketi ya mchezaji ngoma, na sketi ikitanda nyota inaonekana kubwa, ikipungua inafifia. Kabla ya mwaka wa elfu mbili ilikuwa imetulia kiasi. Mwaka huo, katikati ya mwaka, watu wanaoangalia nyota wakashtuka kuona imeanza kuongezeka.

"Mwezi gani?" Mulinge aliuliza.

"Wa sita, wa saba hivi."

"Na ni nini kiliianzisha?"

"Hawajui, Baba. Ina mwenzake anaipita karibu kila baada ya miaka kumi na kitu, wengine wanasema ni huyo anaichokoza. Lakini inabadilika hata akiwa mbali. Hapa wameandika wazi, hakuna maelezo yanayotosha."

Halima alipiga ulimi. "Kitu kikubwa hivyo, na wenyewe hawajui."

Angefurahi hapo. Alijaribu. Lakini Nthenya alikuwa amezima simu na hakuwa anatabasamu.

"Kama haikuwa nyota," alisema, "babu alipofuka na nini?"

Mulinge aliinuka kwenye tairi, naye Nthenya akaendelea.

"Na yule mtu wa makaa hukumwona upande gani?"

"Kushoto."

"Na babu alianzia pembeni." Sauti yake ilishuka. "Kuna presha ya macho, Baba. Inatembea kwenye familia. Haiumi. Inakula pembeni pole pole, na mtu hajui. Ina dawa, lakini kilichokwisha kuliwa hakirudi."

Hapo ndipo Mulinge alipoogopa kweli. Kwa muda wote huo alikuwa na alama, mbaya lakini yake, iliyowekwa juu ambapo angeweza kuiangalia. Sasa alama imeondolewa na kitu chenyewe kimebaki, kikubwa, kisicho na uso, ndani ya kichwa chake. Alifunika jicho la kulia kwa kiganja, akaangalia mbele. Kibanda cha nyama kilichokuwa kushoto kwa hoteli hakikuwapo.

Asubuhi alimpigia mwenye gari. "Tuma dereva mwingine," alisema. "Ninaumwa."

"Unaumwa nini?"

"Macho." Lilikuwa neno dogo, na lilimtoka kama jino.

Kliniki ya Kitui ilikuwa na benchi refu na watu walioketi kimya. Aliyempima aliitwa Madam Mbula, mwanamke mfupi, mpole, mwenye haraka. Alimwekea kidevu kwenye mashine, mbele ya bakuli jeupe kubwa kama nusu ya mtungi, akampa kitufe mkononi na kumfunika jicho la kulia.

"Angalia katikati tu. Kutakuwa na vinuru vidogo vinatokea pembeni. Kila ukiona kimoja, bonyeza. Usivitafute."

Akazima taa. Ndani ya bakuli palikuwa kama jioni chini ya mgunga. Kinuru kikawaka kulia, akabonyeza. Kingine juu, akabonyeza. Halafu hakuna. Alingoja. Mashine ilikuwa inanguruma kidogo, tik, tik, ikifanya kazi yake, na akaelewa kwamba haikuwa imesimama. Ilikuwa inawasha nyota zake upande wa kushoto, moja baada ya nyingine, na yeye haoni hata moja. Alitamani kubonyeza tu, adanganye. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Akamkumbuka baba yake akiutua mkoba, mtu ambaye angeweza kupanda kwa kudanganya na hakudanganya. Akakiondoa kidole.

Madam Mbula hakuzungusha maneno. Jicho la kushoto lilikuwa limepoteza sehemu kubwa ya pembeni. La kulia lilikuwa limeguswa kidogo. Matone kila jioni, maisha yote, bila kuruka. Trela, asilifikirie tena. Gari dogo, mchana, watazungumza akipimwa tena.

"Na binti yako aje," aliongeza. "Nyumba nzima ije."

"Kama ningekuja mwezi wa sita?"

"Kama ungekuja miaka mitano iliyopita," Madam Mbula alisema, kisha akaona uso wake, akanyamaza.

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa baba yake. Mzee Kilonzo alikuwa ameketi nje ya jiko, fimbo katikati ya magoti. Mulinge alivuta kigoda. Alieleza kila kitu kwa Kikamba, polepole, akianza na Halima kwa sababu alijua mzee atapenda ule utani wa mwezi wa Ramadhani. Mzee hakucheka. Alipofika kwenye mwaka wa elfu mbili, mzee aliinua mkono kumsimamisha.

"Ilivimba kweli."

"Ilivimba kweli, Baba. Ulimwengu mzima uliiona."

"Kwa hiyo jioni ile niliona sawasawa."

"Uliona sawasawa."

Mzee aligeuza fimbo mara moja, mara mbili. Ndani, Kalekye aliacha kukoroga ugali.

"Ningemwuliza mtu," mzee alisema. "Ulikuwa umesimama hapo hapo. Ulikuwa umbali wa mkono."

Giza lilikuwa linaingia na saa ya dawa ilikuwa imefika. Mulinge alitoa kichupa mfukoni, akarudisha kichwa nyuma, lakini hakulenga vizuri, tone la kwanza likaangukia shavuni, la pili kwenye shati. Mzee alisikia. Alisogeza kigoda chake, akapapasa hadi akaupata uso wa mwanawe, akaushika kwa viganja vyake vikubwa vilivyojaa makovu ya nyuki, akaufungua ukope wa jicho kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayefungua mzinga.

"Sasa tia."

Mulinge alikuwa anatazama juu moja kwa moja. Nyekundu ilikuwepo. Vitatu vilikuwepo. Hofu nayo ilikuwepo, haikuwa imeenda popote, na alijua atakuwa nayo kila jioni, saa hiyo hiyo, pamoja na kichupa.

"Leo imekaaje?" mzee aliuliza.

"Imevimba," Mulinge alisema, na tone likaingia.